Kutoka Idara ya Afya hadi Mzimuni: Muhammed Said Abdulla na Asili ya Riwaya ya Upelelezi ya Kiswahili

Katika historia ya riwaya ya Kiswahili, Muhammed Said Abdulla hutajwa kwa mambo mawili: kwamba ndiye baba wa hadithi ya upelelezi katika lugha yetu, na kwamba mpelelezi wake, Bwana Msa, ameigwa kutoka kwa Sherlock Holmes. Jambo la kwanza halina ubishi. La pili lina ukweli ndani yake, lakini limerudiwa mno hata limetuzuia kuuliza swali lililo karibu zaidi, nalo ni hili: kabla hajawa mwandishi, mtu huyu alikuwa akifanya kazi gani? Jibu linajulikana, na huchapwa katika maelezo mafupi ya maisha yake kila yanapotolewa. Alikuwa mkaguzi wa afya. Kwa lugha ya watu, bwana afya. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba miaka 10 aliyoitumia katika kazi hiyo ni mojawapo ya chemchemi za riwaya zake, na kisha kutazama kwa nini chemchemi hiyo haikuendelea kububujika katika Kiswahili baada yake, ingawa katika Kiingereza waganga na wauguzi wa Afrika Mashariki wameendelea kuandika.

Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1918. Alipomaliza masomo yake katika shule ya misheni mwaka 1938 aliajiriwa na idara ya afya ya serikali ya Zanzibar kuwa mkaguzi, na humo akakaa hadi 1948. Ni katika miaka hiyo hiyo ya ukaguzi ndipo alipoanza kuvutiwa na kazi ya magazeti. Mwaka 1948 aliiacha idara akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na katika miaka iliyofuata alikuwa mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Kuanzia 1958 alihariri Mkulima, jarida la kilimo, mpaka alipostaafu mwaka 1968. Katikati ya safari hiyo ndipo hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipopata tuzo ya kwanza katika mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili ya 1957-58 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, na mwaka 1960 ikatoka kuwa kitabu. Kikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Alifariki mwaka 1991.

Yafaa tuieleze kidogo kazi ya bwana afya, maana wasomi wa fasihi hatuijui vizuri. Daktari hukaa mahali pamoja na mgonjwa humjia. Bwana afya haendewi na mtu; yeye ndiye aendaye. Hubisha hodi katika nyumba isiyokuwa na mgonjwa, akaomba kuonyeshwa uani, akafunua mtungi atazame kama mna viluwiluwi vya mbu, akachungulia kisima, akauliza choo kimechimbwa lini na maji ya kuoshea vyombo humwagwa wapi. Palipotokea ndui au tauni, ndiye aliyekuwa akiuliza nani amelala nyumba gani, nani amekula na nani, nani amesafiri juzi na jahazi gani. Anachotafuta ni mnyororo wa sababu, nao kwa kawaida hauonekani. Wenye nyumba, kwa upande wao, wana sababu elfu za kutomwambia ukweli: wanaogopa faini, wanaogopa kuwekwa karantini, wanaona haya. Kwa hiyo bwana afya aliye hodari ni yule anayejua kuzungumza. Huanza kwa kuuliza hali za watoto, akapewa kahawa, akasikiliza malalamiko juu ya jirani, na katika malalamiko hayo ndimo apatamo habari aliyoijia. Wazee wa Malindi na wa Kilifi walioishi chini ya serikali ya kikoloni wanamkumbuka mtu huyu kwa sifa zile zile: mtu wa serikali ambaye hata hivyo ni mtu wa hapa hapa, aijuaye lugha na ajuaye nani ni shemeji wa nani.

Sifa hizo tukazitazame katika riwaya yenyewe. Msomi wa pwani ya Kenya hana haja ya kwenda Unguja ili aufahamu mzimu unaotajwa katika jina la kitabu. Baina ya Kilifi na Malindi liko gofu la Gede, mji wa Waswahili uliohamwa yapata karne ya 17, wenye msikiti mkubwa, jumba la mfalme na makaburi ya nguzo, yote yamemezwa na msitu. Serikali ililitangaza gofu hilo kuwa mahali pa kumbukumbu ya kale mwaka 1927; mwaka 1948 James Kirkman akaanza kulichimba; na mwaka 2024 limeingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, kama zilivyoingizwa kaya takatifu za Wamijikenda mwaka 2008. Lakini kwa wakazi wa karibu, kabla ya serikali na kabla ya Kirkman, Gede palikuwa na wenyewe: roho za watu wa kale zinazomwona kila aingiaye. Magofu ya namna hii yametapakaa pwani nzima, toka Mnarani hadi Jumba la Mtwana, na katika baadhi yake watu wangali wakipeleka ubani na marashi. (Ni sadfa tu, lakini ni sadfa ya kupendeza, kwamba mwaka ule ule Kirkman alipoingia Gede na majembe yake, mkaguzi wa Makunduchi alikuwa akiiacha kazi yake aende kuandika. Kila mmoja kwa njia yake alikuwa na shauri la kuulizana na watu wa kale.)

Mahali pa namna hiyo ndipo Abdulla alipoiweka maiti ya Bwana Ali, mtu mwenye mali. Uchaguzi huu una akili nyingi. Maiti ikionekana barabarani, watu huuliza nani amemwua. Ikionekana mzimuni, swali hilo haliulizwi, kwa kuwa jibu limekwisha kuwapo kabla ya swali. Mzimu umefunga kesi. Mwuaji, kwa hiyo, amepata ngao iliyo bora kuliko kisingizio chochote: imani ya jamii nzima. Kazi ya Bwana Msa, akisaidiana na rafiki yake Najum na Inspekta Seif wa polisi, si kumtafuta mwuaji tu. Kwanza lazima alifungue swali ambalo mji umelifunga. Riwaya ya pili inarudia mpango huo, kwani Giningi katika imani za watu wa Zanzibar ni makao ya wachawi, na jina hilo peke yake lamtosha msomaji aanze kuogopa kabla ya kufunua ukurasa wa kwanza.

Hapa ndipo tunapoiona idara ya afya. Bwana afya wa miaka ya 1940 alikabiliwa na jambo hili hili kila siku. Mtoto amekufa kwa homa. Nyumbani kunasemwa ametupiwa jicho. Mwanamke ameharisha mpaka akafa, inasemwa amelishwa. Maelezo yamekwisha kutolewa, tena na watu wenye heshima, na mkaguzi hawezi kuyadharau waziwazi akaendelea kukaribishwa. Inambidi ayaache yasimame mahali pake, naye ageuke pembeni aulize lile swali dogo lisiloonekana kuwa na uzito: maji haya yametekwa kisima gani? Bwana Msa ndivyo afanyavyo. Hahubiri dhidi ya mzimu. Hamwambii mtu kwamba imani yake ni ujinga. Anawasha kiko chake, anazungumza, anataniana na watu, anauliza juu ya kitu kisichohusu, na pole pole mzimu unabaki hauna kazi katika kisa, kama vile jini anavyobaki hana kazi pale kisima kinapofunikwa na homa ikakoma.

Wale wasemao kwamba njia hii imetoka kwa Sherlock Holmes wanasahau kwamba Holmes mwenyewe ametoka hospitalini. Arthur Conan Doyle alisomea udaktari Edinburgh, akafungua chumba cha kutibia Southsea mwaka 1882, na riwaya ya kwanza ya Holmes ikatoka mwaka 1887. Mfano wa Holmes alikuwa mwalimu wake, Joseph Bell, aliyekuwa na kipawa cha kumtazama mgonjwa aingiapo mlangoni na kumweleza kazi yake na safari zake kabla hajafunua kinywa. Basi tukisema Abdulla alimwiga Doyle, tumesema kwamba mtu wa afya wa Zanzibar alimsoma mtu wa afya wa Uingereza akaitambua kazi yake humo. Jambo hilo linaeleza vizuri kwa nini aina hii ya hadithi, kati ya aina zote za Kizungu zilizokuwapo, ndiyo iliyomkaa mwilini. Lakini lile ambalo halikuigwa ndilo lenye maana zaidi kwetu. Njia ya Holmes ni ya kliniki: ni jicho lisomalo alama za mwili mmoja, kovu, tope la kiatu, rangi ya ngozi. Njia ya Bwana Msa ni ya ukaguzi wa nyumba: ni sikio lisomalo mtaa. Riwaya za Abdulla zimejaa mazungumzo kiasi cha kuwachosha baadhi ya wahakiki, ambao wameyaona mazungumzo hayo kuwa urefu usiokuwa na faida. Kwa maoni yangu yale ndiyo upelelezi wenyewe. Msomaji aliyekwisha kukaa barazani anajua kwamba neno linalotafutwa halisemwi katika sentensi ya kwanza.

Katika chuo cha ng'ambo nilikosomea shahada ya uzamili, riwaya hizi zilipewa nafasi ya dakika chache katika muhula mzima, nazo zikatajwa kama ushahidi wa jinsi mitindo ya Ulaya ilivyosafiri. Sikuwa na hoja ya kujibu wakati huo. Sasa ningejibu kwa kumtaja Inspekta Seif. Katika hadithi za Doyle, polisi wana cheo lakini hawana akili, na mzaha unaishia hapo. Kwa Abdulla uhusiano ni wa ndani zaidi. Seif ana sare, ana amri ya kuingia nyumba za watu na kukamata. Bwana Msa hana amri yoyote, ila watu humwambia. Mkaguzi wa afya wa kikoloni alizibeba nguvu hizo mbili katika mwili mmoja, na kila alipobisha hodi ilimbidi aamue atatumia ipi kati ya karatasi ya serikali na mazungumzo. Riwaya imezigawa kwa watu wawili wanaopendana, ili tuzione zikifanya kazi kila moja peke yake, na imeamua waziwazi kwamba ukweli hupatikana kwa ile ya pili, na ya kwanza huja mwishoni kufunga pingu tu. Hata lile neno "Bwana" lastahili kuangaliwa. Bwana Afya, Bwana Shamba, Bwana Msa: ni heshima ya mtu ambaye kazi yake humleta mlangoni pako.

Yaweza kupingwa kwamba tumeipa idara ya afya sifa iliyo ya magazeti, kwa kuwa Abdulla alikaa katika uandishi wa habari muda mrefu kuliko alivyokaa katika ukaguzi. Pingamizi hili si dogo. Wepesi wa nathari yake, uhodari wa kumaliza sura mahali ambapo msomaji hataki imalizike, na ile lugha inayopenda mchezo wa maneno, yote hayo yawezekana kuwa matunda ya chumba cha mhariri. Lakini magazeti aliyoyafanyia kazi katika miaka ya 1950 yalikuwa yamezama katika siasa za Zanzibar, na siasa ndicho kitu kisichoonekana kabisa katika riwaya zake. Kama gazeti ndilo lingekuwa mama wa Bwana Msa, tungetarajia mwana afanane naye usoni.

Na hapo pana lawama ambayo siwezi kumwondolea. Wahakiki wa miaka ya 1970 na 1980, waliotaka fasihi iseme juu ya matabaka, walimwona Abdulla kuwa mwandishi wa burudani, anayezungukazunguka katika nyumba za wenye mashamba na kuyachukua maisha yao kama jambo la kawaida. Wamemwonea kwa kudhani kwamba burudani haiwezi kufikiri. Hawakumwonea kwa jambo lenyewe. Mkaguzi wa afya alikuwa mmoja wa watu wachache walioingia nyumba za Mji Mkongwe na vibanda vya Ng'ambo katika siku moja. Aliyaona maji ya kila mmoja na choo cha kila mmoja. Ujuzi huo haukuingia vitabuni. Mapinduzi ya 1964 yalipita, na riwaya zilizofuata zikaendelea kukaa katika dunia ile ya zamani, fumbo la mauaji likiachia nafasi fumbo la nasaba na urithi. Njia ya ukaguzi aliichukua kutoka kazini mwake. Aliyoyakagua aliyaacha mlangoni.

Tumlinganishe na Grace Ogot (1930-2015), naye mtu wa tiba. Ogot alisomea uuguzi Mengo, Uganda, kuanzia 1949 hadi 1953, kisha akaendelea na masomo Uingereza kabla ya kurudi kufanya kazi Maseno na Makerere. Katika mkusanyo wake wa Land Without Thunder (1968) hospitali imo waziwazi: iko hadithi ya wauguzi wa kike wanaogoma kwa sababu ya kulazimishwa kubeba vyombo vya choo vya wagonjwa, na mgogoro mzima wa ukoloni, dini na heshima ya mwanamke umekaa ndani ya chombo kile. Yale ambayo Abdulla aliyaacha mlangoni, Ogot aliyaingiza. Lakini katika suala la uganga wameachana kwa namna ya kushangaza. Katika The Promised Land (1966) Ochola, mhamiaji wa Kijaluo katika Tanganyika, anaingiwa na ugonjwa wa ngozi aliotupiwa na jirani mganga, na hospitali ya Wazungu inashindwa naye. Riwaya haimpi msomaji mlango wa pembeni wa kutokea. Muuguzi aliyehitimu Ulaya ameuacha uchawi usimame, ilhali bwana afya wa Makunduchi, aliyezaliwa katikati ya mizimu, ameuondoa. Pengine aliyeko wodini huona zaidi mipaka ya dawa, na aliyeko mtaani huona zaidi faida ya kufunika kisima.

Ogot aliandika kwa Kiingereza na kwa Kijaluo. Yusuf Dawood, daktari wa upasuaji aliyefika Nairobi mwaka 1961, alianza mwaka 1980 kuandika safu yake ya kumbukumbu za daktari katika Sunday Nation, na riwaya zake zote ni za Kiingereza. Margaret Ogola, daktari wa watoto, alitoa The River and the Source mwaka 1994, nayo ikapata tuzo mwaka uliofuata na ikasomwa na vijana wengi katika shule zetu kabla na baada ya kifo chake mwaka 2011; nayo ni ya Kiingereza. Sisemi haya kwa kuwalaumu. Tiba katika Afrika Mashariki imefundishwa kwa Kiingereza tangu Makerere ilipoanza kutoa masomo hayo katika miaka ya 1920, na daktari aliyejifunza kuutaja mwili kwa lugha moja hawezi kulaumiwa akiutungia hadithi kwa lugha hiyo hiyo. Ila matokeo yake kwa Kiswahili ni mazito. Mwandishi wa riwaya aliyetoka katika afya akaandika kwa lugha yetu, akaacha mfululizo mzima wa vitabu, alitoka katika ngazi ya chini ya idara, ile ambayo kazi yake yote hufanywa kwa Kiswahili, mlangoni, mbele ya mtungi wa maji.

Pwani ya Kilifi inalionyesha jambo hili vizuri. Imewapa Kiswahili waandishi wake. Katama Mkangi, mzaliwa wa Ribe, aliyetuachia Ukiwa (1975), Mafuta (1984) na Walenisi (1995) kabla ya kufariki mwaka 2004, alikuwa mwanasosiolojia, na Mafuta yake ina ukali ule ule wa kitabaka ambao wahakiki waliukosa kwa Abdulla. Mji huo huo wa Kilifi, tangu 1989, umekuwa na kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI ambacho kazi zake juu ya malaria ya watoto husomwa dunia nzima. Hapana mahali pwani ambapo mambo ya ugonjwa yameulizwa na kujibiwa kwa wingi kama hapo. Maswali huulizwa kwa Kigiriama na Kiswahili, majibu hutolewa kwa lugha hizo hizo, kisha yote huvukishwa Kiingereza na kuchapwa huko. Anayebaki na mazungumzo yenyewe kichwani mwake ni yule aliyekuwa akiuliza: mkalimani, muuguzi, mfanyakazi wa afya ya jamii aliyepita Ganze na Magarini kwa baiskeli. Yeye ndiye aliye mahali alipokuwa Abdulla mwaka 1940.

Idara zetu za Kiswahili zimewatuma wanafunzi kwa miaka mingi kukusanya ngano, vitendawili na mashairi ya wazee, na kazi hiyo ni njema. Ningependekeza wanafunzi watokao Malindi, Kaloleni na Mambrui, waendapo likizo, wawatafute pia mabwana afya waliostaafu na wauguzi wa zamani wa zahanati, wawasikilize wakihadithia visa vya kazi yao, na wavirekodi kama masimulizi yenye fani yake, pamoja na taharuki yake, utani wake na namna yake ya kuchelewesha jibu. Wako wanaokumbuka kampeni za chanjo ya ndui, na hawatakuwapo kwa muda mrefu. Swali la kwanza la kuwauliza ni jepesi: wanapokisimulia kisa cha nyumba iliyoingiwa na maradhi, huanzia wapi, kwa mgonjwa au kwa hodi?